Wasifu Usiozidi Ukurasa Mmoja

Mchungaji kasema ukurasa mmoja tu,
wageni wametoka mbali na saa nane mvua haina adabu.
Basi naandika: Marehemu Aikaeli Njau
alizaliwa Mbokomu, mwaka wa nzige.
Tarehe hakuna aliyeishika.
Alibatizwa. Alisoma hadi darasa la nne.
Aliajiriwa mfagizi, klabu ya Wazungu, Moshi mjini.

Hapo kalamu inasita,
maana hapo ndipo alipozaliwa.

Jumamosi bendi ya Wagoa ikianza,
yeye nyuma ya mlango wa jikoni
alifagia mahali palepale saa tatu nzima,
shwa, shwa, ta,
shwa, shwa, ta,
hata saruji ikang'aa kama jino.
Mpishi alidhani kijana karogwa.
Usiku wa mwaka mpya Fonseka, mpiga ngoma wao,
alilewa akalalia toazi.
Wenzake wakatazamana. Mlango wa jikoni ukafunguka.
Wapo wasemao baba aliuacha ufagio kizingitini.
Mimi nawaamini wanaosema aliingia nao.

Kisha Stesheni Jazz: wanaume saba, suti nne.
Besi yao ya kwanza pipa la lami,
ngozi ya mbuzi wa mjomba Ndesario
aliyelalamika mpaka kufa
(mjomba, si mbuzi).
Wanawake wa kuchambua kahawa
walikuja ukumbini Majengo na vumbi la maganda kwenye nywele,
wakiondoka hawana vumbi.
Baba hakupiga kwa nguvu.
Alisema ngoma ni ng'ombe wa bandani,
ukimfokea anabana maziwa.

Kanisa lilimtenga miaka sita.
Mchungaji, hili nilifute?

Walikwenda Nairobi juu ya lori la vitunguu
wakatoa santuri moja, pande mbili.
Kwenye karatasi nyekundu ya katikati
lipo jina la mwimbaji, lipo la mpiga gita,
hata la muuza sindano za gramafoni.
Lake halipo.
Mama alinuna wiki nzima kwa niaba yake.
Yeye aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha,
akasema, "Lakini nasikika."

Halafu magita ya umeme. Halafu vijana wenye haraka.
Ukumbi ukawa duka la magodoro.

Nilipokosa nafasi ya serikali, wakanipokea shule ya wazazi.
Ada ya kidato cha kwanza ilikuwa ngoma ya besi.
Cha pili, matoazi.
Cha tatu, ile ndogo ya pembeni na kiti chake.
Kidato cha nne hakikuwa na ngoma.
Akarudi kufagia, kiwanda cha kukoboa kahawa,
zamu ya usiku.
Leo mimi ni mhasibu, nafunga vitabu vya watu.
Hicho sijakifunga.

Walioinunua besi ni kwaya ya vijana,
usharika huuhuu, Mchungaji. Ndiyo ile iliyopo kando ya kinanda.
Kila Jumapili alikaa benchi la nyuma,
kidole gotini, uso umekunjamana:
"Anakimbilia nini huyu mtoto?
Nani anamfukuza?"

Miaka ya mwisho kikombe kilimwagika kabla ya mdomo.
Mikono ilitulia kwa kitu kimoja tu.
Kabla jogoo hajamaliza, nilimsikia uani,
chini ya migomba,
majani makavu, shwa, shwa, ta.
Nilipiga mswaki kwa mwendo huo, sikujua.

Alhamisi nilisikia shwa.
Shwa.
Nikasimama na povu mdomoni, nikisubiri.

Ameacha mjane, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja.
Ukurasa umejaa.
Ufagio nimeuficha juu ya dari.
Wifi alikuwa anautafuta
afagie maganda ya ndizi za msiba.